Mapambo ya mchemraba wa Rubik hayahitaji kubandua rangi

Wengi wakiona mchemraba wa Rubik wenye madoadoa kila upande kama ubao wa drafti, husema mwenyewe amebandua stika au ameufungua akaupanga upya. Si kweli. Shika mchemraba uliokwisha kupangwa. Zungusha upande wa kulia nusu mzunguko, kisha wa kushoto vivyo hivyo. Halafu juu na chini, mwisho mbele na nyuma. Basi! Vipande vya kona vimebaki na rangi za katikati yake, ila vile 12 vya ukingoni vimehamia mkabala, ndiyo maana nyeupe inachanganyika na njano tu.

Kuufungua ndiko kunakoharibu. Ukigeuza kipande kimoja tu cha ukingoni na kukirudisha mahali pake, hakuna mzunguko utakaokinyoosha tena, kwa kuwa vipande hivyo hugeuka viwiliviwili. Lakini kuvigeuza vyote 12 mahali pake, kona zikiwa zimetulia, kunawezekana kwa mizunguko 20. Kwangu hilo ndilo pambo zuri kuliko yote, na mwaka 2010 ilithibitishwa kwamba hakuna mpangilio unaohitaji zaidi ya hiyo 20.