Je, wajua kwa nini ubeti hugeuka mstari mmoja kwenye wiki?

Anayeandika kuhusu Lamu kwenye Wikipedia hakawii kutaka kunukuu utendi. Hunakili ubeti, huubandika, huhifadhi, kisha hukuta vipande vinne vimeungana kama sentensi ya gazeti. Maneno yote yapo, ila ubeti haupo tena.

Programu ya MediaWiki, inayoendesha Wikipedia, huona kubonyeza Enter mara moja kuwa ni nafasi ya kawaida tu. Mstari mtupu ndio unaofungua aya mpya. Kwa nathari hakuna tatizo. Kwa utendi ni hasara kubwa, maana kipande cha mizani nane ndicho kiungo chake. Basi andika hivi (ubeti ni wa mfano, umetungwa kwa makala haya):

<blockquote><poem>
Yashushwa hapa boriti
Na mafungu ya makuti
Mpaka juu ya gati
Mafundi wakingojea
</poem></blockquote>

Lebo ya poem hulinda mistari. Ile ya blockquote husogeza nukuu ndani, na huziarifu programu zinazowasomea wasioona kwamba hapa anasema mtu mwingine. Usisahau mkwaju wa kufunga: blockquote ikiachwa wazi, maandishi yanayofuata nayo husogea ndani kana kwamba ni nukuu.

Wengi hukimbilia njia za mkato. Ukianza mstari kwa nafasi, maneno huingia kwenye kisanduku chenye herufi za taipureta. Nukta pacha mwanzoni mwa mstari husogeza maneno vizuri kwa macho, lakini kwa MediaWiki hiyo ni alama ya orodha ya fasili, na asiyeona husomewa orodha badala ya shairi. Ukinakili kigezo cha nukuu (kiolezo kilichotengenezwa tayari) kutoka Wikipedia ya Kiingereza, hakikisha kwanza kwamba kipo kwenye wiki yako. Kisipokuwepo utaona kiungo chekundu tu.

Ritifaa inahitaji uangalifu zaidi, hasa kwetu sisi wenye ng'. Ritifaa mbili hulaza herufi, tatu huzikoza. ''Ng'ombe'' haina shida, kwa sababu ile ya katikati iko peke yake. Shida huja nukuu iliyolazwa inapoanza kwa alama moja ya kunukuu: ritifaa mbili na moja huwa tatu, na maneno hukozwa. Tia <nowiki/> katikati yake, au tumia alama za kunukuu zilizo pacha. Tena, ulazaji hauvuki mstari. Ukifungua kwenye kipande cha kwanza na kufunga kwenye cha nne, ni cha kwanza tu kitakacholala. Bora usilaze ubeti kabisa. Blockquote inatosha kuutenga.

Miswada ya kale ya Lamu iliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Ukitaka kuionyesha ilivyo, zungushia maandishi hayo <div lang="sw-Arab" dir="rtl"> na ufunge kwa </div>. Bila dir, nukta ya mwisho huruka upande usio wake. Hati ya Kilatini iweke chini yake, kwenye blockquote ya pili.

Chanzo kiwekwe ndani ya <ref> na </ref>, pamoja na nambari ya ukurasa, na mwisho wa makala iwepo <references/>. Msomaji aweze kwenda kuhakiki mwenyewe.

La mwisho ni lugha yenyewe, na hapa ndipo nukuu nyingi huharibiwa kwa nia njema. Kiamu, lahaja ya Lamu, husema mato kwa macho, na ndia kwa njia. Mhariri akiona mato akaandika macho, kina cha -to kimevunjika na ubeti si ule tena. Liache neno kama lilivyo, kisha fafanua kwa mabano ya mraba nje ya ubeti: mato [macho]. Mabano yawe mamoja kila upande, kwani yakiwa mawili wiki hutengeneza kiungo.