Je, wajua kwa nini Medicare, bima ya serikali ya Marekani kwa wazee, humlipa muuguzi mtabibu asilimia 85 ya malipo ya daktari kwa kazi ileile?

Tuchukue mzee wa miaka 72 mwenye shinikizo la damu, anayeingia kliniki mjini Minneapolis. Anayemhudumia ni muuguzi mtabibu, yaani muuguzi aliyesoma hadi shahada ya uzamili au zaidi na mwenye leseni ya kupima, kutambua ugonjwa na kuandika dawa. Anampima presha, anamsikiliza moyo, anamwongezea dozi na kumpangia tarehe ya kurudi. Kama bei ya huduma hiyo katika orodha ya Medicare ni dola 100, kliniki itapata dola 85. Lakini ikiwa daktari wa kliniki ndiye aliyeyaanzisha matibabu ya presha hiyo miezi iliyopita, na siku hiyo alikuwa chumba cha pili humohumo klinikini akishughulika na mambo mengine, kliniki inaweza kupata dola 100 kamili. Daktari huyo hakuhitaji hata kumwona mzee.

Maelezo yanayotolewa haraka ni kwamba daktari amesoma zaidi, kwa hiyo analipwa zaidi. Yana mantiki, na ndiyo maana yamekaa vichwani mwa watu wengi. Yanashindwa kueleza kisa hiki, kwa sababu muuguzi ni yuleyule katika hali zote mbili, na hakuongeza darasa lolote kati ya dola 85 na dola 100.

Yanashindwa kueleza mengine pia. Wakunga wauguzi walikuwa wakilipwa na Medicare asilimia 65 ya bei ya daktari. Ilipofika tarehe 1 Januari 2011 wakaanza kulipwa asilimia 100. Mtaala wao haukubadilika usiku huo. Kilichobadilika ni sheria ya afya iliyopitishwa mwaka 2010, enzi za Rais Barack Obama. Mfanyakazi wa ustawi wa jamii anayetoa tiba ya maongezi hulipwa asilimia 75 ya kile anacholipwa mwanasaikolojia kwa kikao cha aina hiyohiyo. Na muuguzi mtabibu mwenye shahada ya udaktari wa uuguzi hulipwa sawa na mwenzake mwenye uzamili: 85. Hakuna mahali kwenye fomu ya kudai malipo pa kuhesabu miaka ya shule.

Kinachohesabiwa ni jina la fani kama lilivyoandikwa katika sheria, na kutoka kwenye sheria likaingia katika kanuni na mikataba ya malipo. Medicare ni bima ya serikali ya Marekani kwa wenye miaka 65 na kuendelea, na kwa baadhi ya wenye ulemavu. Rais Lyndon Johnson aliitia saini tarehe 30 Julai 1965. Ndani ya sheria yake kuna kifungu kinachosema nani ni daktari, na ukikisoma kwa mara ya kwanza unaweza kudhani umefungua ukurasa usio wake.

Wamo madaktari wa tiba, kama unavyotarajia. Yumo daktari wa meno. Yumo mtaalamu wa miguu. Yumo mpima macho. Na tangu marekebisho ya mwaka 1972 yumo kairoprakta, yule anayenyoosha uti wa mgongo kwa mikono. Wote hao, kwa malipo ya Medicare, ni madaktari. Muuguzi mtabibu anayetibu kisukari, presha na nimonia kutwa nzima hayumo. Ametajwa kwingine, katika kundi lenye kiwango chake.

Hapo wengi huruka na kuhitimisha kwamba basi kairoprakta ana neema kubwa kuliko muuguzi. Sivyo, na hili ndilo jambo linaloeleweka vibaya kuliko yote. Kuwa katika orodha ya watu ni kitu kimoja, na huduma unayoitoa kuwa katika orodha ya huduma zinazolipiwa ni kitu kingine kabisa. Mfikirie wakala wa forodha pale bandarini Mombasa. Leseni yake ni halali, jina lake limo katika mfumo, karani anamfahamu kwa sura. Siku moja analeta hati za kontena la bidhaa zilizopigwa marufuku. Leseni haina kasoro, lakini mzigo hautoki. Siku nyingine mzigo ni mchele wa kawaida ulioruhusiwa, ila anayeuleta hana leseni ya uwakala. Hapo napo mzigo hautoki, mpaka hati ziingie kwa jina la wakala aliyesajiliwa. Kuna ukaguzi wa mtu na ukaguzi wa mzigo, na kufaulu mmoja hakukupi mwingine.

Sasa mrudie daktari wa meno. Ukaguzi wa mtu anapita bila swali, kwa kuwa sheria imemwita daktari. Ukaguzi wa mzigo unamkwamisha karibu kila siku, kwa sababu sheria hiyohiyo, katika kifungu kingine, imekataa kulipia kutibu, kung'oa na kuweka meno. Akirekebisha taya lililovunjika atalipwa. Akichunguza kinywa cha mgonjwa anayejiandaa kubadilishwa vali ya moyo, atalipwa. Akiziba jino lililotoboka, mgonjwa anatoa mfukoni. Mpima macho naye analipwa kuchunguza macho ya mwenye kisukari, lakini miwani ya kawaida haimo; inaingia tu baada ya upasuaji wa mtoto wa jicho uliowekewa lenzi. Kairoprakta amebanwa kuliko wote: analipwa kwa kazi moja tu, kunyoosha kwa mikono uti uliohama mahali pake. Akipiga eksirei, hiyo halipwi, licha ya kwamba hadi mwisho wa miaka ya 1990 sheria ilidai eksirei ndiyo ithibitishe kwamba uti umehama.

Muuguzi mtabibu yuko upande wa pili. Mzigo wake karibu wote unaruhusiwa. Kinachopunguzwa ni malipo, kwa sababu ya jina la aliyeuleta.

Kwa nini 85, na si 80 au 92? Jibu ni la kibunge. Wasaidizi wa madaktari, fani nyingine inayofanana na hii, waliwekewa ngazi za 65, 75 na 85 kwa sheria ya mwaka 1986, kulingana na mahali na aina ya kazi. Sheria ya bajeti ya mwaka 1997 ikawapa wauguzi watabibu wa nchi nzima 85 kuanzia tarehe 1 Januari 1998. Kabla ya hapo malipo ya moja kwa moja yalikuwa hasa ya vijijini na katika nyumba za wazee. Tume ya MedPAC, inayolishauri Bunge la Marekani kuhusu Medicare, ilipozichunguza asilimia hizi mwaka 2002 iliona hazikujengwa juu ya uchambuzi maalumu. Zilikubaliwa, zikaandikwa, zikabaki.

Njia ya kufika 100 inapita kwenye kisanduku kimoja. Fomu ya madai inaitwa CMS-1500, karatasi iliyochapwa kwa wino mwekundu, ingawa siku hizi madai mengi hutumwa kwa kompyuta. Katikati yake kuna mistari sita ya huduma, na mwisho wa kila mstari, upande wa kulia, kuna kisanduku cha 24J. Humo huandikwa namba ya utambulisho ya mtoa huduma, yenye tarakimu 10. Ikiandikwa namba ya muuguzi, mfumo unasoma fani yake na kukata asilimia 15. Ikiandikwa namba ya daktari msimamizi, haikati kitu.

Kuiandika namba ya daktari kunaruhusiwa kwa masharti. Huduma iwe sehemu ya matibabu ambayo daktari mwenyewe aliyaanzisha, isiwe mgonjwa mpya wala tatizo jipya, na daktari aendelee kushiriki katika matibabu hayo. Awe ndani ya ofisi zilezile na apatikane mara moja. Tangu janga la korona, kwa huduma nyingi, kupatikana kwa video kumekubaliwa. Hospitalini utaratibu huu hautumiki. Mzee wetu akisema siku ileile kwamba goti limeanza kumuuma, hilo ni tatizo jipya, na muuguzi akilishughulikia, ziara hiyo inarudi kwenye 85. Karani wa madai analazimika kujua mambo hayo yote kabla ya kujaza tarakimu 10.

Madhara yake si ya fedha peke yake. Kazi ya muuguzi ikiandikwa kwa namba ya daktari, takwimu za taifa zinasema daktari ndiye aliyemtibu mgonjwa. Mwaka 2019 MedPAC ilipendekeza utaratibu huu uondolewe kwa wauguzi watabibu na wasaidizi wa madaktari, ili kila mmoja aandike kwa jina lake. Binafsi naona pendekezo hilo lina haki, hata kama kliniki ndogo zingepoteza zile dola 15: nchi haiwezi kupanga wahudumu wake wakati haijui nani anahudumia nani.

Je, ubora unatofautiana kiasi cha kuhalalisha pengo? Utafiti mmoja uliochapishwa katika jarida la tiba la JAMA mwaka 2000 uliwagawa wagonjwa 1,316 wa New York kwa bahati nasibu, baadhi kwa wauguzi watabibu na baadhi kwa madaktari, na hali zao baada ya miezi sita zilikaribiana. Ni ushahidi mzuri, lakini wa huduma ya msingi na wa muda mfupi. Hautoshi kusema lolote kuhusu magonjwa magumu yanayodumu miaka mingi.

Wasomaji wengi wa Kiswahili walioko Marekani ni wauguzi wa kawaida wa hospitali au wahudumu wa nyumba za wazee, na watauliza wao wako asilimia ngapi. Hawako katika ngazi hii hata kidogo. Kazi ya muuguzi wa wodini imeingizwa ndani ya malipo ya jumla ya hospitali, pamoja na kitanda na umeme. Hatumi madai, kwa hiyo hana kiwango; mshahara wake ni suala la mwajiri. Mfamasia naye hana nafasi yake ya kulipwa ushauri chini ya sehemu ya Medicare inayolipia huduma za kliniki, ijapokuwa chanjo ya mafua anayochoma hulipiwa.

Leseni ya jimbo haibadilishi hesabu. Minnesota iliwapa wauguzi watabibu uhuru wa kufanya kazi bila mkataba wa kusimamiwa na daktari mwaka 2015, na zaidi ya nusu ya majimbo yana sheria za aina hiyo. Leseni inasema unaruhusiwa kufanya nini. Kulipwa kunaamuliwa na yule mwenye fedha. Kampuni binafsi za bima huandika mikataba yao zenyewe. Nyingine huiga 85, nyingine hulipa sawa.

Kenya imelijibu swali hili kwa mlango mwingine. Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyochukua nafasi ya NHIF, mfuko wa zamani wa bima ya afya, Oktoba 2024, huingia mkataba na kituo, na vituo hupangwa kwa ngazi: zahanati ni ya 2, kituo cha afya ni cha 3, hospitali ni 4 hadi 6. Afisa wa kliniki, mtabibu ambaye si daktari, ana usajili na leseni chini ya sheria ya mwaka 2017, lakini malipo hufuata mkataba na ngazi ya kituo anachofanyia kazi.

Kama una mzazi aliye na Medicare, utaona haya kwenye taarifa ya huduma anayotumiwa kwa posta mara kwa mara. Kila huduma ina jina la mtoaji. Ukikuta jina la daktari ambaye mzazi hakumwona, usikimbilie kudhani ni wizi; huenda ni kisanduku cha 24J kilichojazwa kihalali. Muulize kwanza alihudumiwa na nani, na kama tatizo lilikuwa la zamani au jipya. Lakini ikiwa siku hiyo hakwenda kliniki kabisa, piga simu Medicare na uwasomee mstari huo.