Dhana potofu kuhusu RNA mjumbe na siku za kwanza za kiinitete

Dhana: mbegu ya kiume ikishaingia ndani ya yai, jeni za baba na mama huanza papo hapo kukiendesha kiinitete.

Ukweli: mwanzoni jeni hizo karibu zote ziko kimya. Kazi hutegemea RNA mjumbe, yaani nakala za maelekezo ya jeni ya kutengeneza protini, ambazo mama aliziweka akiba yai lilipokuwa likikua. Mwaka 1936 Ethel Browne Harvey aliyakata mayai ya wanyama wa baharini wenye miiba kwa kuyazungusha kwa kasi kubwa. Vipande visivyo na kiini, mahali jeni zinapokaa, vilipochochewa, viligawanyika vilevile. Kwa binadamu, jeni za kiinitete huamka hasa kikiwa na seli 4 hadi 8. Chura wa jamii ya Xenopus husubiri hadi seli kama 4,000.

Dhana: RNA mjumbe ikiwepo, protini itatengenezwa.

Hapa ndipo wengi hujikwaa, na haishangazi, kwani shuleni tunachorewa mshale mmoja tu kutoka RNA hadi protini. Yai changa la chura limejaa RNA ambazo ribosomu, mashine za seli zinazotengeneza protini, hazizisomi. Siri iko mwishoni mwa RNA hizo: mkia wake wa herufi A (moja ya herufi nne za kikemikali za RNA: A, U, G na C) ni mfupi. Karibu na mkia pana alama fupi yenye U nyingi, na alama hiyo hushikwa na protini iitwayo CPEB. Homoni ya projesteroni inapolifikia yai, CPEB hupachikwa fosfeti, mkia hurefushwa, na usomaji unaanza. Ndivyo inavyopatikana protini ya Mos, inayolisukuma yai likomae. Jeni yenyewe haikuguswa.

Je, mkia mrefu daima huleta protini nyingi? Hapana. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 2014, vya viinitete vya chura na samaki pundamilia, vilionyesha kwamba uhusiano huo ni imara mwanzoni tu. Kiinitete kikianza kupanga tabaka zake, unatoweka.

Dhana: sehemu ya RNA isiyobeba maelekezo ya protini ni masalia yasiyo na kazi.

Nzi wa matunda anakanusha hilo waziwazi. RNA ya jeni iitwayo nanos, inayohusika na kuunda tumbo, husomwa upande wa nyuma wa yai, kwingineko hunyamazishwa. Watafiti waliondoa kipande chake cha mwisho, wakaweka cha RNA ya jeni nyingine, bicoid, ambayo hukaa mbele. Protini ya Nanos ikatengenezwa upande wa mbele, na viinitete vikaota tumbo la pili mahali pa kichwa.