Kubadili diski «à chaud» si kuchomoa tu

Mafundi wengi wa Lubumbashi wakisema seva «inakubali à chaud» (Kifaransa: «ikiwa moto», yaani ikiwa inawaka), wanamaanisha diski inaweza kuchomolewa wakati wowote. Hapana. «À chaud» ni kuongeza au kutoa diski huku seva ikiendelea kufanya kazi, bila kuiwasha upya. Maana yenyewe inaishia hapo. Kinachosahaulika ni kwamba ruhusa zinazotakiwa ni mbili, na wengi huangalia moja.

Ya kwanza ni ya umeme. Kwenye viunganishi vya diski vya SATA na SAS, pini za masi (ardhi ya umeme) ni ndefu kuliko nyingine: hugusa mapema diski inapoingia, huachia mwisho inapotoka. Hilo hulinda vyuma. Kontrola ya SATA, yaani saketi inayosimamia diski, nayo iwe kwenye hali ya AHCI, maana ikiwa kwenye hali ya zamani ya IDE, mara nyingi diski mpya haionekani mpaka uwashe upya.

Ya pili ni ya Linux, mfumo endeshi wa seva, na hakuna pini inayoitoa. Data inayoandikwa hukaa kwanza kwenye RAM, diskini hufika baadaye. Ukivuta diski ambayo Linux bado imeipachika kwenye folda (mount), data iliyobaki kwenye RAM inapotea, na mfumo wa faili unaweza kuharibika. Droo ya diski yenye taa nzuri haizuii hilo.

Kwa hiyo kabla ya kuvuta, soma namba ya mfululizo (serial) ya diski kwa `smartctl -i /dev/sdb` ili usitoe jirani yake; sdb hapa ni mfano wa jina ambalo Linux huipa diski. RAID 5, yaani diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja, ikiwa imekwisha kupoteza diski moja haivumilii ya pili. Kama diski imepachikwa kwenye /data, `fuser -vm /data` itakuonyesha programu zinazoitumia. Zisimamishe, kisha `umount /data`. Kama kuna swap (nafasi ya diski inayosaidia RAM) juu yake, `swapoff`. Kama imo kwenye LVM (inayounganisha nafasi za diski kadhaa), `pvmove` kuhamisha data halafu `vgreduce` kuiondoa kwenye kundi. Kwenye mdadm, programu ya RAID ya Linux, `--fail` halafu `--remove`. Mwisho, ukiwa root (msimamizi mwenye ruhusa zote), iambie Linux iiachie diski:

`echo 1 > /sys/block/sdb/device/delete`

Ivute kidogo mpaka iachane na kiunganishi, ngoja kama sekunde 30 sahani zinazozunguka ndani yake zisimame, ndipo uitoe kabisa. Diski inayozunguka ikitikiswa, vichwa vyake vinaweza kukwaruza sahani.

Kuongeza ni kwepesi. Kwa kawaida `dmesg`, yaani ujumbe wa kiini cha Linux, huitaja diski mara moja. Isipotajwa, `echo "- - -" > /sys/class/scsi_host/host0/scan`, ukibadilisha host0 kulingana na kontrola yako. Vistari vitatu ni kila chaneli, kila kifaa, kila LUN (kitengo ndani ya kifaa). Jina sdb usilitegemee, linaweza kurudi likiwa sdd. Kwenye fstab, faili la orodha ya vinavyopachikwa, andika UUID, namba ya utambulisho isiyobadilika na jina.

Mwenzako akikuambia seva inakubali à chaud, mwelewe hivi: droo zake zinakubali. Kama diski yenyewe iko tayari kutoka, muulize `lsblk`, amri inayoorodhesha diski na zilipopachikwa, imeonyesha nini.