Kwa Nini Maabara Hupima Maji kwa Mizani

Kila msimu wa Nanenane banda letu huwa na meza moja yenye mizani ndogo iliyozungushiwa vioo na chupa ya maji safi ya maabara. Safari iliyopita mzee mmoja alisimama pale muda mrefu, akimtazama binti wetu akivuta maji kwa pipeti, kifaa cha kuvuta na kutoa kiasi kilichopangwa, na kuyamimina kwenye kikombe kilichokuwa juu ya mizani. Akaandika namba, akavuta tena. Alipofika mara ya nne mzee akanigeukia: "Mwanangu, maji si hupimwa kwa lita? Mbona ninyi mnayapima kwa kilo?"

Nilimjibu kwa kifupi, maana watu walikuwa wengi. Jibu lenyewe ni refu kidogo, na linaanzia kwenye jicho.

Waliokulia pwani wanakumbuka kibaba cha tele na kibaba cha mfuto. Chombo ni kilekile, mchele ni uleule, ila mmoja amejaza mpaka ukafanya kilima na mwingine amesawazisha kwa kiganja. Maji nayo yana mchezo wake. Ndani ya mrija mwembamba wa kioo hupanda kidogo kwenye kuta na kubonyea katikati, kwa hiyo uso wake ni bonde, na ukitaka kusoma lazima kwanza mkubaliane mnasoma wapi. Makubaliano ni chini ya bonde, jicho likiwa usawa wake. Kwenye bureti, ule mrija mrefu wenye mistari na koki chini, ya kawaida ya mililita 50, milimita 1 ya urefu ni takriban mililita 0.1. Mwanafunzi mrefu aliyeona uvivu kupinda magoti ataipoteza hiyo bila kujua.

Ndiyo sababu chupa ya kutayarishia miyeyusho ina tumbo kubwa na shingo nyembamba. Kosa la jicho likitokea shingoni, linabeba maji kidogo sana. Bika, kile kikombe cha maabara, ni kinyume chake: pana juu hadi chini, na mistari iliyochorwa ubavuni ni ya kukadiria tu, kosa la asilimia 5 likiwa jambo la kawaida. Pipeti ya kioo ya daraja A yenye mililita 25 huruhusiwa kukosea kwa mililita 0.03 tu. Nimewahi kuona mtu akipima kwa bika kisha akaandika jibu lenye desimali tatu. Desimali hizo hazikutoka kwenye bika.

Kuna pia herufi ndogo ambazo wengi huzipita. Chombo kilichoandikwa "In" kimepimwa kwa kiasi kinachokaa ndani yake. Kilichoandikwa "Ex" kimepimwa kwa kiasi kinachotoka. Pipeti ya Ex ikishamwaga, tone dogo hubaki kwenye ncha, na mtengenezaji alishalitoa kwenye hesabu. Ukilipuliza litoke, umezidisha. Zipo pipeti chache za kupuliza, nazo huwekewa alama juu, kwa kawaida pete. Kama hakuna alama hiyo, liache tone lako.

Sasa turudi kwenye mizani. Pipeti ya bastola, ile ya kubonyeza kwa dole gumba, haina hata mstari wa kusoma. Ilibuniwa na Heinrich Schnitger, daktari wa Marburg, Ujerumani, katika miaka ya 1950, enzi ambayo watu wa maabara walikuwa bado wakivuta kemikali na vijidudu kwa mdomo. Unazungusha namba, unabonyeza, unaamini. Kujua kama imani hiyo ina msingi, tunayapima maji iliyotoa kwa uzito, kwa sababu mizani nzuri huona tofauti ambayo jicho haliwezi kuiona. Si jambo geni: kuanzia 1901 hadi 1964 lita yenyewe ilikuwa na maana ya nafasi inayochukuliwa na kilo 1 ya maji yakiwa kwenye joto ambalo yamesongamana kuliko wakati mwingine wowote.

Nichukue mfano wa pipeti iliyowekwa kwenye maikrolita 1000, yaani mililita 1. Tumepima mara kumi na mizani imetupa, kwa miligramu: 994, 996, 993, 995, 997, 994, 995, 996, 993, 995. Wastani ni 994.8. Mtu mwenye haraka atasema pipeti inapunguza maikrolita 5. Anasahau mambo mawili. Mililita 1 ya maji kwenye nyuzijoto 25 haifiki miligramu 1000, ni 997 tu. Pili, hewa huyainua maji kidogo, kama inavyoinua puto, ingawa kwa kiasi kidogo mno. Vyote viwili vimewekwa kwenye namba moja ya kuzidishia, ambayo kwa joto hilo ni 1.0040. Ukizidisha unapata maikrolita 998.8. Upungufu wa kweli ni 1.2. Aliyesahau joto ameukuza zaidi ya mara nne na pengine ametuma pipeti nzima kwa fundi.

Hilo ni swali la kwanza: kwa wastani, chombo kiko mbali kiasi gani na ukweli? La pili ni tofauti kabisa: vipimo vyenyewe vimetawanyika kiasi gani? Hapa tunatafuta mkengeuko sanifu. Toa wastani kwenye kila kipimo, zidisha kila tofauti kwa yenyewe, jumlisha, gawanya kwa tisa (si kumi, kwa kuwa wastani umeukokotoa kutoka kwenye vipimo hivihivi), kisha tafuta kipeuo cha pili. Hapa jibu ni maikrolita 1.3. Kiwango cha kimataifa, ISO 8655, huiruhusu pipeti ya ukubwa huu ikosee kwa maikrolita 8 kwenye wastani na 3 kwenye mtawanyiko. Imefaulu kote kuwili.

Kufaulu moja hakumaanishi kufaulu la pili. Fundi anayekata mbao zote fupi kwa sentimita moja ana mkono thabiti na futi mbovu. Mwingine ana futi nzuri, mkono unatetemeka. Wa kwanza utamtibu kwa kurekebisha futi. Wa pili inabidi umfundishe, na kwa mtu wa pipeti mafunzo ni haya: alowanishe ncha kwa kuvuta na kutoa maji mara kadhaa kabla ya kuanza, asiichovye mpaka kooni, asiiachie bastola ghafla, avute pipeti ikiwa wima.

Na kuna kosa ambalo namba zote mbili hazilioni. Nilipoanza kazi nilipima pipeti asubuhi moja, wastani ukawa mzuri, mtawanyiko mzuri, nikaandika imefaulu. Mama aliyekuwa akinifundisha hakugusa kikokotoo. Alichukua kalamu akachora nukta kwa mfuatano wa upimaji, ya kwanza mpaka ya kumi. Nukta zilikuwa zinateremka kama ngazi. "Ulikuwa unaiweka wapi ukiandika?" akauliza. Sikuwa naiweka popote. Nilikuwa nimeikumbatia kiganjani muda wote. Joto la mkono lilikuwa linaipasha hewa iliyomo ndani, hewa inatanuka, maji yanayovutwa yanapungua kila mara. Siku hiyo nilielewa kwamba wastani haukumbuki kipi kilitangulia. Changanya vipimo hivyo utakavyo, utapata wastani uleule na mtawanyiko uleule. Tangu hapo nachora kabla ya kukokotoa, na pipeti inakaa kwenye stendi.

Sasa lile jambo la kutupa namba. Kila aliyesoma kemia kidato cha nne anaijua taitresheni, ile kazi ya kudondosha kimiminika kutoka kwenye bureti mpaka rangi ibadilike, na wengi wanajua pia kupika majibu. Tuseme umepata mililita 22.40, 22.45 na 22.85. Ile ya mwisho inakukera. Je, uitupe? Kuna kipimo chepesi kinachoitwa Q cha Dixon: chukua pengo kati ya namba inayokera na jirani yake wa karibu, gawanya kwa umbali wa kutoka namba ndogo hadi kubwa. Hapa ni 0.40 kwa 0.45, sawa na 0.89. Kwa vipimo vitatu, ukitaka uhakika wa asilimia 90, Q lazima ipite 0.941. Haijapita. Huna ruhusa ya kuitupa, hata ikikuudhi vipi. Rudia taitresheni mara moja zaidi, na tuseme umepata tena 22.40. Pengo ni lilelile, Q ni ileile 0.89, ila kwa vipimo vinne mpaka umeshuka hadi 0.765. Sasa unaweza kuitupa, na unaandika kwamba umeitupa na kwa nini. Kilichobadilika ni ushahidi tu, na umegharimu dakika tano za kusimama mbele ya bureti.

Uhaba huo wa vipimo ndio uliomsumbua William Gosset, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha bia cha Guinness, Dublin. Kiwandani huwezi kurudia jaribio mara elfu. Una matatu, manne, labda kumi. Mwaka 1908 alichapisha njia ya kutumia sampuli ndogo bila kujidanganya, kwa jina la bandia "Student" kwa kuwa mwajiri wake hakupenda wafanyakazi wachapishe kwa majina yao. Kwa pipeti yetu ya vipimo kumi, jedwali lake linatoa namba ya kuzidishia, 2.262. Zidisha kwa mkengeuko sanifu, gawanya kwa kipeuo cha pili cha kumi, unapata 0.9. Kwa hiyo tunaandika 998.8, ongeza au toa 0.9, kwa uhakika wa asilimia 95. Tungepima mara tatu tu, kwa mkono uleule, jedwali lingetudai 4.303 na upana ungekuwa 3.3.

Upana huo hubadilisha hukumu. Kwa vipimo vitatu, 1000 ingekuwa ndani ya mipaka, na tusingeweza kusema kama upungufu ni wa chombo au ni bahati tu. Kwa kumi, mpaka wa juu ni 999.7. Alfu iko nje. Kwa hiyo pipeti hii inapunguza kweli, si bahati mbaya ya siku moja, na bado imefaulu, kwa sababu inachopunguza ni kidogo kuliko kinachoweza kuharibu kazi. Hayo mawili watu huyachanganya sana, hata kwenye ripoti zenye mihuri.

Mzee yule hakuyachanganya. Baada ya maelezo yangu ya haraka aliitazama pipeti, akaniuliza:

"Basi hicho kidude chako kinapunja."

"Kinapunja, mzee wangu," nikamwambia. "Ila ili kikupunje tone moja la maji, inabidi ukitumie mara arobaini hivi."

Akacheka, akaomba ajaribu mwenyewe. Kipimo chake cha kwanza kilikuwa 971, kwa kuwa aliachia bastola ghafla na povu likaingia. Tulikiandika vilevile, kwa mstari wake, na sababu pembeni.