Je, wajua kwa nini mstari mweusi hujitokeza tumboni mwa mjamzito?

Mahali pa mstari huo palikuwepo kabla ya mimba. Misuli miwili mirefu ya tumbo hukutana katikati kwenye utepe wa kano unaoanzia chini ya kidari hadi kinenani. Kwa kawaida ngozi iliyo juu ya utepe huo haina tofauti ya kuonekana. Mimba ikifika mwezi wa nne au wa tano, huanza kukolea.

Kinachoikoleza ni homoni. Estrojeni na projesteroni hupanda sana, na pamoja nazo homoni inayoamsha chembe za ngozi zinazotengeneza melanini, yaani rangi ya ngozi. Sehemu zilizokuwa na rangi nyingi tangu mwanzo ndizo huitikia zaidi: chuchu na duara lake, kwapa, mapaja kwa ndani, hata makovu ya zamani. Mstari wa tumboni huwa na upana wa kama sentimita 1. Kwa wengine huishia kitovuni, kwa wengine hupanda hadi karibu na mbavu. Wanaosema ukipita kitovu mtoto ni wa kiume wanabahatisha, kwa sababu homoni hizo hupanda katika kila mimba. Usipakwe kitu chochote; hufifia wenyewe miezi kadhaa baada ya kujifungua.

Madoa ya usoni ni ya kuangaliwa zaidi. Hutokea mashavuni, kwenye paji la uso na juu ya mdomo, mara nyingi pande zote mbili kwa namna moja. Chanzo ni homoni zilezile, ila tumbo limefunikwa na uso unapigwa na jua. Kwa ngozi nyeusi, hata mwanga wa kawaida tunaouona kwa macho huongeza madoa, si miale ya urujuanimno peke yake. Ndiyo sababu losheni ya kukinga jua isiyo na rangi huwa haitoshi. Tafuta yenye rangi inayokaribia ngozi yako, iliyoandikwa oksidi ya chuma kwenye viambato na SPF (kipimo cha nguvu ya kukinga jua) 30 au zaidi. Kamua mistari miwili yenye urefu wa kidole cha shahada na cha kati, upake uso na shingo dakika 15 kabla ya kutoka, kisha urudie kila baada ya saa mbili ukiwa juani. Wengi hupaka robo ya kiasi hicho, halafu wanalalamika kwamba losheni haifanyi kazi. Ongeza kofia pana, mtandio au mwavuli.

Hapa ndipo wengi huingia kwenye mkorogo, yaani krimu za kung'arisha ngozi, na tunaomba kwa dhati usiuguse. Haidrokwinoni, kemikali ya kung'arisha ngozi inayowekwa humo, hupenya ngozi na kuingia kwenye damu kwa kiasi kikubwa. Ikitumiwa muda mrefu, yenyewe huacha weusi wa kibluu usiotoka kirahisi. Zebaki, ambayo kwenye lebo huweza kuandikwa kalomeli, hudhuru figo za mama na huvuka kondo la nyuma hadi kwa mtoto, ambaye ubongo wake bado unajengeka. Steroidi kali kama klobetasoli hulainisha ngozi hadi ikawa nyembamba, huongeza michirizi na huchelewesha kidonda kupona, jambo baya kwa mama anayeweza kuhitaji upasuaji. Krimu za tretinoini, dawa ya jamii ya vitamini A, nazo huepukwa wakati wa ujauzito. Kama madoa yanakukosesha raha, mwulize daktari kuhusu asidi ya azelaiki, ambayo huruhusiwa kwa wajawazito. Kwa wengi madoa hupungua ndani ya mwaka mmoja baada ya kujifungua, ingawa vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni vinaweza kuyarudisha.

Muwasho ni habari nyingine. Ngozi ya tumbo inayotanuka huwasha kidogo, na mafuta ya nazi huituliza. Lakini muwasho wa viganja na nyayo, usio na vipele, unaozidi usiku, hasa katika miezi mitatu ya mwisho, unaweza kutoka kwenye ini. Nyongo haitiririki vizuri, na asidi zake hujaa kwenye damu. Zikifika mikromoli 100 kwa lita au zaidi, hatari ya mtoto kufia tumboni huongezeka. Usisubiri tarehe ya kliniki: nenda siku hiyohiyo, utaje viganja na nyayo, na uombe kupimwa ini na asidi za nyongo.