Nani Aibe Wimbo Ambao Haujaisha?

Ujumbe umekuja tena. Mtunzi chipukizi anataka nimsaidie kumalizia wimbo wake, ila demo hawezi kunitumia, kuniimbia kwenye simu hawezi, hata mistari hataki kuiandika, maana "siku hizi watu wanaiba sana". Nikamuuliza, sasa nikusaidie nini, kaka? Akajibu nimpe tu ushauri wa jumla. Ni sawa na kumpigia fundi simu kwamba gari limezima njiani, halafu ukatae kumwambia ni gari gani.

Nina studio ndogo hapa Tanga. Jumamosi jioni hatuingizi sauti. Wanakuja watunzi ambao muziki si riziki yao, kila mmoja anaimba wimbo wake na wenzake wanaukosoa. Yupo anayeuza dawa dukani, yupo mwalimu wa hesabu, yupo dada wa kwaya anayetunga nyimbo za mapenzi bila mwenyekiti wake kujua, na yupo mzee ambaye mashairi yake yalikuwa yakitoka magazetini wakati wengi wetu hatujaanza shule. Karibu kila mgeni anaingia mlangoni na imani hii ya kuibiwa, na nimechoka kuijibu mtu mmoja mmoja. Nikiulizwa tena natuma linki.

Sheria kwanza, haraka haraka. Tanzania tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Wimbo wako unalindwa tangu ulipoutunga. Kusajili kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki nchini, ni jambo jema kwa sababu kunakupa ushahidi, lakini haki haizaliwi kwenye kaunta ya ofisi. Inadumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya wewe kufa. Kinacholindwa ni maneno na melodi jinsi ulivyoviweka, si wazo. Wimbo wa "umeolewa na mwenye gari wakati mimi bado najipanga" hauna mwenyewe; ungekuwa naye, nusu ya Bongo Fleva ingekuwa mahakamani kila siku. Na tukija kwenye ushahidi, wimbo uliofichwa kwenye daftari hauna shahidi hata mmoja, ila uliowatumia marafiki watano kwa voisi noti una tarehe, una saa, na una watu watano wa kukusemea. Hapo nani kajilinda?

Sasa nije kwenye linaloniudhi hasa. Wengi wanaonijia wakilalamika wameibiwa, hawajaibiwa. Wamesikia wimbo unaofanana na wao. Chukua G, D, Em, C. Kodi hizo nne (kodi za gitaa, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja), kwa mpangilio huo huo, zimo kwenye injili, zimo kwenye nyimbo za mapenzi, zimo kwenye matangazo ya sabuni. Ukichukua gitaa ukaanza kuimba taratibu kwa huzuni, vidole vyenyewe vitakupeleka huko. Mwenzako wa Mwanza naye vidole vyake vimempeleka huko huko. Juu ya kodi hizo melodi itapenda kutua kwenye noti zile zile, hasa kwenye kiitikio, kwa sababu noti zinazokubaliana na kodi si nyingi hivyo. Kufanana kwa sekunde nne si wizi. Nikiletewa malalamiko ya namna hii huwa naomba nyimbo zote mbili ziimbwe bila ala, sauti tupu. Mara nyingi mlalamikaji mwenyewe ananyamaza kabla hajafika kwenye kiitikio.

Halafu kuna biti za bure. Kijana anaingia YouTube, anapakua biti ya prodyuza wa Marekani, anaimbia, na wimbo unaanza na sauti ya mtu anayetaja jina la studio yake ya Atlanta. Miezi inapita, anasikia biti ile ile kwa mwingine: "Wameniibia!" Ndugu yangu, biti ile wameipakua maelfu. Na mara nyingi neno "bure" pale lina masharti, kwamba usiitumie kuingiza pesa mpaka uinunulie leseni. Ubaya zaidi, mmoja wa hao maelfu akisajili wimbo wake kwenye Content ID, mfumo wa YouTube wa kutambua kazi zenye mwenyewe, mfumo huo unaikamata biti popote inapolia, na wengine wote wanaletewa madai ya hakimiliki. Ndipo mtu anaponionyesha simu kama hati ya mashtaka: umeona, prodyuza? Na wimbo huo aliwahi kuuimba kwenye kijiwe chetu cha Jumamosi! Anamshuku mwalimu wa hesabu. Mwalimu wa watu hajui hata Content ID ni mnyama gani.

Sisemi wizi haupo. Upo, tena mkubwa, ila angalia unakotokea. Mwimbaji wa Afrika Kusini, Solomon Linda, alirekodi wimbo wake "Mbube" na kundi lake Johannesburg mwaka 1939, na haki za wimbo zikaenda kwa kampuni kwa shilingi 10. Wimbo ukazunguka dunia, ukageuzwa maneno na jina, ukaingia mpaka kwenye filamu za Marekani. Linda alikufa mwaka 1962 akiwa maskini, na familia yake ikaja kupata maafikiano mwaka 2006. Nani alimpokonya? Si wenzake aliokuwa akiimba nao wikiendi. Ilikuwa karatasi. Na hawa hawa vijana wanaokataa kumwimbia rafiki yao ubeti mmoja, mkataba wa usambazaji wanausaini kwa simu, wamesimama kituo cha daladala, bila kusoma ukurasa wa pili.

Hata hiyo desturi ya kutunga peke yako chumbani, sijui tuliitoa wapi. Ikhwani Safaa ya Zanzibar ilianzishwa mwaka 1905, na taarab ya vikundi vile ilijengwa na watu waliokuwa na kazi zao za mchana, jioni wakakutana. Mshairi analeta maneno, mwingine anayatilia sauti, mwimbaji anayajaribu mbele ya wenzake, na anayekosoa anakosoa palepale. Bendi za dansi nazo zilifanya hivyo: mtunzi anakuja na wimbo mbichi, mpiga besi anaukoroga, wapulizaji wanauongezea vyao, na usiku ule ule wa kwanza dansini unajua wapi watu wamekaa chini. Mtunzi wa leo ana kompyuta na hofu.

Nitoe mfano, maana maneno matupu hayajengi. Muuza dawa wetu alileta wimbo unaoanza hivi: "Nilikungoja stendi, mpaka basi la mwisho." Mstari mzuri, unaona kabisa taa za stendi. Lakini melodi yake inapanda, na noti ya tano ndiyo ndefu na ndiyo ya juu. Hesabu: ni-li-ku-ngo-ja. Noti ya tano imeangukia "ja". Mkazo wa neno kwetu uko silabi ya pili kutoka mwisho, kwenye "ngo", lakini yeye anaimba "nilikungojaaa", kama mtu aliyeshuka uwanja wa ndege juzi na kitabu cha kujifunzia lugha. Mwenyewe hasikii. Mtunzi hawezi kusikia, kwa sababu kichwani neno na noti vilizaliwa pamoja.

Dada wa kwaya akasema melodi ishushwe. Muuza dawa akagoma, na alikuwa na haki, ile noti ndiyo wimbo wenyewe. Mzee alikuwa kimya na kikombe chake cha kahawa. Mwishowe akasema: "Imba nilikungojea."

Basi. Noti ya tano sasa ni "je", pale pale mkazo wa neno ulipo, na "a" ikapata noti fupi ya kushukia. Gitaa halikubadilika hata kodi moja. Mzee akahesabu kwa vidole: "Nilikungojea stendi", nane. "Mpaka basi la mwisho", nane. Mizani 16, mstari kamili wa shairi. "Ulikuwa unadaiwa mizani moja tu, mwanangu," akamwambia, akarudi kwenye kahawa yake.

Hapa nikiri mashaka yangu, maana wanafunzi wangu wameshaigeuza hii ya mkazo kukaa kwenye noti ndefu kuwa amri. Waimbaji wa taarab wanavuta irabu ya mwisho kila siku na inapendeza. Kwa nini kule inapendeza na kwa muuza dawa ikawa inakera? Nadhani kule neno huwa limeshatamkwa sawasawa kabla ya kuvutwa, mkia ndio unaorefushwa, wakati kwake noti ilirukia mkia kabla neno halijakaa. Nadhani. Siku nyingine nasikia wimbo unaovunja haya yote na nywele zinanisimama.

Kuna jambo lingine la kushirikisha ambalo watu hulifanya vibaya. Kutupa wimbo kwenye grupu la watu 200 wakujibu "umeua kaka" na mioto ya emoji si kushirikisha, ni kuomba pongezi. Pongezi si dhambi, mimi mwenyewe nazipenda, ila hazikuambii ubeti wa pili umelala. Unahitaji watu watatu au wanne ambao wewe pia unasikiliza zao. Watumie sauti na gitaa, au sauti tupu. Biti nzuri inaficha wimbo mbovu kwa muda mrefu mno. Usiulize "mnaonaje", watakuonea huruma. Uliza: ni wapi mawazo yako yalihama? Kila mtu anaweza kujibu hilo, hata asiyejua kodi. Wote wakitaja mahali pamoja, hapo pana kazi. Wakitofautiana, yawezekana ni njaa tu.

Urafiki unaotoka humo ni wa ajabu kidogo. Muuza dawa kwenye simu yangu nimemwandika "Dawa Besi", maana ndiye anayetupigia besi. Jina la ukoo wake nimelijua juzi juzi, kwenye msiba. Lakini kwamba ndoa yake ilikuwa inayumba nilijua mapema kuliko ndugu zake, kwa sababu lilikuwa kwenye ubeti wa pili, na palepale kila mtu akaanza kujadili kina cha mwisho kwa bidii isiyo ya kawaida. Hakuna aliyemuuliza. Wiki iliyofuata dada wa kwaya alimletea vitumbua, akamwambia vimebaki tu nyumbani.

Ubaya wake nao upo. Watu wakikosoana muda mrefu wanaanza kufanana. Kuna kipindi kila wimbo wa kijiwe chetu ulikuwa unapandisha ufunguo, yaani wimbo mzima unahamia sauti ya juu zaidi, kwenye kiitikio cha mwisho, na hakuna aliyegundua mpaka mgeni alipocheka. Sina dawa ya hilo zaidi ya kukaribisha wageni wanaocheka.

Na kuna pesa, ambayo hatupendi kuitaja wimbo ukiwa mbichi. Nashville, Marekani, desturi ya wengi ni kwamba mliokaa chumbani mnagawana sawa, hata kama mmoja alichangia neno moja. Sisi tunaoneana aibu, halafu baadaye tunatafutana. "Malaika" ulipata jina kwa rekodi ya Fadhili William, lakini Adam Salim na Grant Charo nao wanatajwa kuwa watunzi, na mpaka leo watu wanabishana. Mimi nalazimisha ujumbe mmoja kwenye grupu usiku ule ule: maneno ya fulani, melodi ya fulani, mgao huu. Ujumbe huo nimeuona ukipoza chumba kilichokuwa kikicheka dakika moja kabla, na sijapata namna ya kuutuma usipoze. Natuma hivyo hivyo.

Mzee alipewa mgao wake kwa ile silabi. Akakataa asilimia, akadai soda ya tangawizi kila Jumamosi wimbo ukiimbwa. Muuza dawa anasema hiyo ni ghali zaidi, anataka warudi kwenye asilimia. Wimbo wenyewe bado haujaingiza hata shilingi, na ubeti wa tatu bado hauna kina.